Maua ya usinisahau: usimpe mtu shada, mpe mbegu (maana yake, zawadi na upandaji)

KitaluChaSamawati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Maswali kuhusu ua la usinisahau yanajirudia kila mara. Mmoja anauliza lina maana gani, mwingine anataka kujua anaweza kumpa nani, wa tatu analalamika kwamba alilipanda, likachanua vizuri, kisha likafa lote kwa mpigo. Nimeona niyajibu pamoja kwa sababu kwa ua hili mambo hayo hayatenganishiki. Ukielewa linavyoishi, utajua lenyewe linavyotakiwa kutolewa zawadi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga apinge kwa hoja: zawadi ya usinisahau ni mbegu au mche. Shada linakuja baadaye sana.

Tulitambue kwanza. Usinisahau halisi ni jenasi ya *Myosotis*, katika familia ya Boraginaceae. Ua lenyewe ni dogo, kwa kawaida upana wake haufiki sentimita moja. Lina petali tano za samawati zilizoungana kwa chini, na katikati kuna pete ya njano. Chukua lenzi uitazame pete hiyo: ni vinundu vitano vilivyobana mlango wa kibomba cha ua, vikiacha tundu dogo tu la mdomo wa mdudu kupita. Matumba mara nyingi huanza yakiwa ya waridi na kugeuka samawati yakifunguka. Kikonyo kinachobeba maua kimejikunja mfano wa mkia wa nge, nacho hukunjuka taratibu kadiri maua yanavyofunguka kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo kwenye kikonyo kimoja unaweza kukuta tumba, ua lililo wazi na mbegu, vyote siku moja.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni hata kama wamelilima ua hili kwa miaka. Pete ya katikati ni ya njano ua likiwa changa, kisha inapauka na kuwa nyeupe ua linapozeeka. Nyuki na nzi wa maua wanajifunza tofauti hiyo, wanakwenda kwenye njano kunakolipa na kuyapita yale meupe. Mmea unayabakiza maua makuukuu ili kundi zima lionekane kwa mbali, lakini mdudu akifika karibu anaelekezwa kwenye yale yenye kitu. Chavua yake nayo ni miongoni mwa chavua ndogo kuliko zote zinazojulikana: chembe moja ina mikromita 5 hivi, yaani ukizipanga 200 kwenye mstari ndipo unafikisha milimita moja.

Spishi ziko nyingi, lakini mkulima wa kawaida atakutana na hizi. *Myosotis sylvatica*, ya misituni, ndiyo iliyojaa kwenye bustani na kwenye pakiti nyingi za mbegu. Urefu wake ni sentimita 15 hadi 30. *Myosotis scorpioides* ni ya majini, hukaa kingo za madimbwi na vijito, na huishi miaka mingi. *Myosotis alpestris* ni ya milimani, fupi, na ndiyo inayohusishwa na jimbo la Alaska ambalo limeifanya usinisahau kuwa ua lake rasmi. *Myosotis arvensis* ni ya mashambani, maua yake ni madogo mno na wakulima huipalilia kama gugu. New Zealand wana spishi zao wenyewe, nyingine nyeupe, nyingine za njano, kwa hiyo atakayekwambia kwamba usinisahau lazima iwe ya buluu hajafika huko.

Sasa maisha yake, hapa ndipo penye jibu la yule anayelalamika. *M. sylvatica* ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza unatoa majani tu, yamelala chini kwa duara. Unapitia majira ya baridi hivyo hivyo, na baridi hiyo ndiyo inayouamsha uchanue. Majira ya kuchipua yakifika unainuka, unachanua kwa wingi wiki kadhaa, unakomaza mbegu, unakufa. Aliyeupanda anaona majani yanageuka kijivu na kukauka, anadhani ameuua. Hajauua. Kila ua linaweza kuacha mbegu hadi nne, ndogo, nyeusi, zinazong'aa, na kufikia wakati mmea unakauka nyingi zimeshadondoka chini. Nyingine zimeshaondoka kabisa, kwa sababu kikombe kinachozishika kina vinywele vilivyopinda kama ndoano vinavyonasa kwenye manyoya ya wanyama na soksi za watu.

Mche mmoja haudumu. Kinachodumu ni kipande cha ardhi kinachochanua kila mwaka kwa miche mipya. Ndiyo sababu shada linanipa shida kama zawadi: linakatwa kabla ya mbegu, kwa hiyo unamkabidhi mtu ua linaloomba lisisahauliwe huku umeliondolea njia yake pekee ya kurudi.

Kuhusu maana, hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Kijerumani. Askari wa farasi alikuwa akitembea na mpenzi wake kando ya mto, wengine husema ni Danube. Akashuka ukingoni kumchumia maua haya, akateleza, na deraya aliyovaa ikamvuta chini. Kabla hajazama akamrushia yale maua na kupaza sauti: usinisahau. Ipo na ya Kikristo, kwamba Mungu alipokuwa akiipa mimea majina, kimmea kimoja kidogo kikapiga kelele kisiachwe, na ombi lake likawa jina lake. Katika historia, Henry wa Bolingbroke anatajwa kuwa alilitumia ua hili kama nembo yake alipopelekwa uhamishoni mwaka 1398. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza na kuwa mfalme Henry IV.

Ziangalieni hadithi hizo. Anayesema "usinisahau" kila mara ni yule anayeondoka, au mdogo, au anayezama. Hasemi "nakupenda", wala haahidi chochote. Anaomba. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu ua hili, jiulize kwanza: ni nani anayeomba, na anayeombwa ana uwezo wa kulitimiza ombi hilo? Ukiwa na jibu, zawadi yako itaeleweka. Usipokuwa nalo, tafuta ua jingine.

Karibuni.

---

MsomajiWaKale

Uzi mzuri mkuu. Naomba niongezee upande wa kumbukumbu za umma, maana ua hili limebebeshwa mambo mazito kuliko mapenzi.

Newfoundland, Kanada, watu huvaa usinisahau tarehe 1 Julai. Siku hiyo mwaka 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, kikosi cha Newfoundland kilitoka kwenye mahandaki huko Beaumont-Hamel, Ufaransa. Walitoka wanajeshi kama 800. Kesho yake walipoitwa majina, walioitika walikuwa 68. Kwa wengi duniani ua la wanajeshi waliokufa ni popi, lakini kwa Newfoundland usinisahau ndiyo kumbukumbu yao wenyewe, na haijafutika hata baada ya popi kuenea.

Mwaka 2015 Waarmenia walipoadhimisha miaka 100 ya mauaji ya kimbari, nembo waliyoichagua ilikuwa usinisahau ya zambarau. Na tarehe 25 Mei, siku ya kimataifa ya watoto waliopotea, ua hili hutumika pia kama alama. Tarehe hiyo inatokana na mtoto aliyetoweka New York mwaka 1979, na Rais Reagan aliitangaza kuwa siku ya watoto waliopotea nchini Marekani mwaka 1983.

Mifano yote hii inaunga mkono ulichosema kuhusu nani anaomba. Aliyekufa vitani hawezi kuomba kwa sauti yake, mtoto aliyepotea hawezi, na watu waliouawa zaidi ya miaka 100 iliyopita hawawezi. Ua linasema kwa niaba yao.

---

Shungi

Mwanzisha uzi, nakuheshimu lakini hapo kwenye shada nakataa. Mimi nafunga maua na usinisahau ni moja ya vijazio vizuri kuliko vyote kwenye shada la majira ya kuchipua. Ukiiweka chini ya tulipu nyeupe au za waridi, zile samawati ndogo ndogo zinafanya ua kubwa lionekane. Anayepokea shada halisi hawazi habari za mbegu. Anaona mtu amemkumbuka leo.

Kwa wanaotaka kulikata: kata asubuhi mapema wakati maua ya chini ya kikonyo yamefunguka na ya juu bado ni matumba. Ondoa majani yote yatakayozama, yanaoza haraka na kuchafua maji. Litumbukize mara moja kwenye maji, kwa sababu mashina ni membamba na yakinyauka ni shida kuyarudisha. Badilisha maji kila siku. Litakupa siku kadhaa, likitunzwa vizuri wiki hivi.

---

KitaluChaSamawati

Dada Shungi, hoja yako ya tulipu naikubali, na hata bustanini hayo mawili hupandwa pamoja kwa sababu hiyo hiyo: usinisahau inafunika udongo mtupu chini ya mashina marefu ya tulipu na zinachanua wakati mmoja. Kama kijazio, sina ubishi.

Ninachokataa ni shada la usinisahau peke yake kama ujumbe. Mtu analipokea, siku chache baadaye linaacha vipetali mezani, na ombi limeishia kwenye pipa la taka. Kama ni lazima iwe ua lililokatwa, basi likaushwe kwa kubanwa: weka vikonyo kati ya karatasi zinazofyonza maji, juu yake vitabu vizito, uache wiki mbili mahali pakavu. Ni ua jembamba, linakauka haraka na rangi inabaki vizuri kama umelichuma likiwa halina umande. Ukishaliweka kwenye kadi au fremu, litunze mbali na jua. Buluu ya maua makavu hufifia kwenye mwanga.

---

Kipepeo_Buluu

Naomba ushauri. Rafiki yangu amefiwa na mama yake. Nilitaka kumpa usinisahau lakini naogopa nitamtonesha kidonda. Je, inafaa? Na kama ni mbegu, namwambia nini?

---

KitaluChaSamawati

Pole sana kwa rafiki yako, dada.

Inafaa, na pengine hakuna mahali ambapo ua hili linafaa zaidi. Rafiki yako hatakuwa anaombwa jambo zito, kwa sababu kumkumbuka mama yake tayari anamkumbuka. Unachompa ni mahali pa kuiweka kumbukumbu hiyo na kazi ya mikono ya kuifanya. Watu wengi wanaoomboleza wanaelemewa na zawadi za kutazama tu.

Usiipeleke siku za mwanzo wakati nyumba imejaa watu. Subiri msiba utulie, wageni waondoke, ule wakati simu zinapoacha kuita. Weka mbegu kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Andika kwa mkono jina la mama yake na maneno machache, halafu kwenye karatasi nyingine maelekezo ya kupanda. Mwambie wazi kwamba mwaka wa kwanza ataona majani tu. Hili ni la lazima. Mtu aliyefiwa akingoja maua yasitokee, atalichukulia kwa uzito ambao hukuukusudia. Akijua mapema, ule mwaka wa majani unakuwa sehemu ya zawadi.

Kama unaona kusubiri mwaka ni kirefu mno kwake, nunua miche iliyokwisha kupita baridi na yenye matumba. Itachanua mbele yake, na mbegu zitadondoka zenyewe.

---

MleziWaWazee

Nimesoma hapa kwa moyo mzito kidogo. Usinisahau inatumiwa na mashirika ya watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alzheimer's Society ya Uingereza inalo, na la Kanada pia. Nimemtunza mama mkwe wangu mwenye hali hiyo, na naomba niseme jambo kwa wanaotaka kumpelekea mgonjwa ua hili.

Msimpelekee na kadi iliyoandikwa "usinisahau". Mtu ambaye kumbukumbu inamponyoka anaelewa, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, kwamba anaombwa kitu ambacho hakiko tena mikononi mwake. Nimeona uso wa mama ulivyobadilika alipoisoma kadi kama hiyo. Mleteeni mmea wenyewe ukiwa kwenye chungu, bila maneno. Aushike, amwagilie, ayaone majani yenye manyoya mororo. Mama alikuwa hajui jina langu lakini alikuwa anajua kwamba udongo umekauka.

Kadi mwandikieni anayemtunza. Huyo ndiye watu wanaanza kumsahau.

---

KitaluChaSamawati

Mama, asante. Hili naomba kila anayepita kwenye uzi huu alisome mara mbili.

Nami naongeza: kwa mgonjwa mahututi ambaye bado anapigania uhai wake, usipeleke usinisahau kabisa isipokuwa ameiomba mwenyewe. Inasomeka kama kuaga. Na kwa mtu mliyeachana naye akiwa ameshakwambia basi, msimpelekee. Kumwomba asikusahau baada ya yeye kuchagua kwenda ni kumbebesha mzigo.

Kwa rafiki anayehama, mwanafunzi anayekwenda mbali, mwalimu anayestaafu, wapenzi wanaotenganishwa na kazi, hao wapeni bila wasiwasi. Na njia ninayoipenda kuliko zote ni kugawana mbegu za mmea mmoja: nusu anaondoka nazo, nusu unabaki nazo, mnapanda kila mmoja alipo.

---

Mwanamboji

Mkuu tushuke shambani sasa. Naomba hatua za kupanda kwa mtu ambaye hajawahi. Halafu mimi niko sehemu ya joto, je kuna matumaini?

---

KitaluChaSamawati

Sawa mkuu, naanza na mahali penye majira ya baridi.

Panda mbegu za *M. sylvatica* kuanzia mwisho wa majira ya kuchipua hadi katikati ya kiangazi ili zichanue mwaka unaofuata. Unaweza kupanda moja kwa moja bustanini au kwenye kitalu. Lainisha udongo, changanya mboji iliyoiva, mwagilia kwanza, ndipo usambaze mbegu. Zifunike kwa udongo laini wa unene wa milimita 3 hivi, usiziache wazi, kwa sababu zinaota vizuri zaidi gizani. Joto la nyuzi 15 hadi 20 linatosha, na kwa kawaida wiki mbili au tatu utaona vichipukizi. Udongo usikauke katika muda huo hata siku moja, na usiloweke hadi ukawa tope.

Miche ikishika majani kadhaa ya kweli, ipunguze au ihamishe ibaki na nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Watu wengi wanaona uchungu kung'oa miche, wanaiacha imebanana. Miche iliyobanana haipati hewa, na ugonjwa unaingilia hapo.

Mahali: kivuli cha sehemu, mfano chini ya miti inayopukutisha majani, penye unyevu usiotuama. Jua la asubuhi linafaa. Jua kali la mchana linafaa tu kama udongo haukauki. Mbolea usiipende sana. Ukiirutubisha kupita kiasi utapata majani mengi na maua machache.

Ukichelewa msimu, anza ndani mapema kabla majira ya baridi hayajaisha. Zipo aina za bustani zinazoweza kuchanua mwaka huo huo zikipandwa hivyo, ila maua hayatakuwa mengi kama ya mmea uliopitia baridi kamili. Kwa vyungu na kingo za njia tafuta aina fupi kama 'Ultramarine' au 'Victoria'.

Kuhusu joto, nitakujibu bila kukuzungusha. Mmea huu unapenda ubaridi na unyevu. Mahali penye joto kali mwaka mzima, usiku na mchana, hautakufurahisha, na sitaki upoteze nguvu zako. Lakini kama pana msimu wa baridi japo mfupi, au ni nchi ya juu ambako usiku kunapoa, inawezekana: uhesabu mmea huu kama wa msimu mmoja, panda mbegu joto linapoanza kushuka, uchanue kwenye miezi ya baridi, na uwe tayari kuuaga joto linaporudi. Tumia chungu chenye kina ili uweze kukihamisha kivulini.

Njia nyingine ni *Cynoglossum amabile*, ndugu yake wa familia moja anayeitwa usinisahau ya Kichina. Huyo ni mrefu zaidi, anafika sentimita 60 au karibu na hapo, maua yake ni ya buluu iliyokolea, na huchanua mwaka ule ule wa kupandwa bila kudai baridi. Pakiti nyingi huandikwa jina moja la usinisahau kwa mimea hii yote miwili, kwa hiyo soma jina la kisayansi kabla hujanunua. Ipo pia *Brunnera macrophylla*, yenye maua yanayofanana mno na ya usinisahau lakini majani mapana ya umbo la moyo. Hiyo ni ya kudumu na inavumilia kivuli, ila joto nayo haipendi.

---

Mwanamboji

Nimekuelewa mkuu, na asante kwa kuniambia ukweli. Yangu ya zamani ilipomaliza kuchanua ilifunikwa na kitu cheupe kama unga juu ya majani. Ni nini?

---

MganjoWaMiche

Nijibu mimi hili. Hiyo ni ubwiri unga. Kwenye usinisahau karibu ni kawaida mwisho wa msimu, hasa siku za ukavu na mimea ikiwa imebanana. Kama maua yameshapita, usihangaike na dawa. Subiri mbegu za kutosha zidondoke, kisha ng'oa mmea mzima uutoe bustanini. Usiuache ukiwa umelala juu ya miche michanga iliyo chini yake, maana utaiambukiza.

Ukiiona mapema kabla ya maua, hapo ondoa majani yaliyoathirika, ongeza nafasi kati ya mimea, na umwagilie chini kwenye mizizi badala ya kunyunyizia juu. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa chini ya majani hiyo ni kutu, nayo dawa yake ni kung'oa. Konokono na koa hupenda miche michanga, waokote jioni. Vidukari waondoe kwa maji ya nguvu.

---

Shungi

Swali la haraka. Nimeona watu wanapamba keki kwa maua haya. Yanalika?

---

MganjoWaMiche

Dada, usilishe watu. Mimea mingi ya familia hii ina kemikali za kundi la alkaloidi za pirolizidini ambazo huumiza ini, na usinisahau imo. Ua moja halitamwangusha mtu, lakini hakuna sababu ya kuliweka kwenye chakula cha wageni. Ukilitaka kwa pambo, liweke pembeni ya sahani mahali lisipogusa kinachokwenda mdomoni.

---

Kipepeo_Buluu

Nimeshaandaa bahasha ya rafiki yangu. Yeye ana dimbwi dogo nyuma ya nyumba, je nimpe ile ya majini badala ya hii ya misituni?

---

KitaluChaSamawati

Inategemea dimbwi, dada. *M. scorpioides* ni nzuri sana hapo: inasimama kwenye maji ya kina kifupi au kwenye tope la ukingoni, inachanua muda mrefu kuliko ya misituni, na kwa kuwa ni ya kudumu hatalazimika kusubiri miche mipya. Kule Ulaya salamanda wa majini hutaga mayai kwenye majani yake, wanalikunja jani juu ya yai moja moja.

Lakini kama dimbwi lake linatoa maji kwenda kwenye kijito au bwawa la asili, usimpe. Vipande vya shina vikikatika na kuchukuliwa na maji vinaota mizizi huko viendako, na mmea huu umeshakuwa msumbufu nje ya kwao. Baadhi ya majimbo ya Marekani, Wisconsin ikiwamo, yameudhibiti kisheria. Hata ya misituni usiitupe kwenye msitu wa watu kwa kisingizio cha kupendezesha. Kabla ya kumtumia mtu mbegu nchi nyingine, uliza sheria za huko za kuingiza mbegu.

Kama una shaka mpe ya misituni, apande hatua chache kutoka kwenye dimbwi.

Na ukitaka kumwongezea mbegu mwaka ujao kutoka kwenye mmea wako mwenyewe, fanya hivi: ngoja vikombe vya chini ya kikonyo vigeuke kahawia huku juu bado kuna maua mawili matatu. Ukisubiri hadi juu kumalizike, za chini zitakuwa zimeshakwenda. Kata kikonyo chote asubuhi umande ukishakauka, kiingize kichwa chini kwenye mfuko wa karatasi, funga mdomo wa mfuko, uuning'inize mahali pakavu penye hewa kwa wiki moja au mbili. Kisha utikise. Zitakazodondoka zikiwa nyeusi na zinang'aa ndizo zilizokomaa. Za kijani au kahawia hafifu ziache. Pepeta makapi, hifadhi kwenye bahasha mahali pa baridi na pakavu, na uandike tarehe juu yake.